Jinsi Gati la Carrigronan Lilivyopata Kiwiko

Sogeeni hapa, dada zangu, upande huu ukuta unakinga upepo. Mmeniuliza kwa nini gati hili limepinda. Limetoka ufukweni likaenda moja kwa moja hatua mia na ishirini, halafu likakunja kushoto kama mkono uliokunjwa kiwikoni. Wageni wengine huliuliza swali hilo wakishapiga picha mnara wa taa na kumaliza aiskrimu zao. Ninyi mliliuliza jana kabla hata hamjashusha mikoba, na sishangai. Wanawake wa Pemba wanaoshinda baharini na mwani hawawezi kuona ukuta uliojengwa majini bila kujiuliza maji yanapitia wapi.

Mimi ni mtoto wa Tanga, kama mlivyoambiwa. Nililetwa nchi hii ya Ayalandi na kazi ya uuguzi, nikaolewa na mvuvi wa mji huu, na sasa ni mwaka wa thelathini na nane. Habari za gati nilipewa na mama mkwe wangu tukiwa tunamenya viazi, naye alipewa na bibi yake. Nitawapa kama nilivyopewa.

Zamani hizo, kabla ya mnara wa taa, kabla ya ile ngome ya duara mliyoiona kilimani, Carrigronan haikuwa bandari. Ilikuwa safu ya nyumba za mawe zilizoezekwa nyasi, na mbele yake ufukwe wa kokoto. Watu walizungumza Kiayalandi peke yake. Wanaume walivua heringi, samaki wa rangi ya fedha ambaye hupita kwa makundi makubwa majira ya vuli, na kila waliporudi iliwabidi kuzivuta mashua zao kwa mikono mpaka juu ya kokoto. Bahari ikichafuka hapakuwa na pa kukimbilia. Ule mwamba mnaouona mbele yetu, uliojaa sili, wale wanyama wa baharini wenye vichwa vya mviringo kama mbwa asiye na masikio, uliyakata mawimbi vipande viwili. Yaliuzunguka kulia na kushoto, yakaja kukutana ufukweni kwa kishindo, na mashua iliyokuwa katikati ilipigwa mbavu zote mbili kwa pamoja.

Mchana mmoja wa mwezi wa kumi na moja, mashua mbili zilivunjikia pale wakati zinajaribu kurudi. Wanaume kumi na mmoja walikufa maji. Walikuwa karibu kiasi kwamba wake zao waliwatambua kwa kofia, lakini hapakuwa na kamba iliyowafikia. Mmoja wao alikuwa Lorcan, mume wa mwanamke aliyeitwa Onora Deasy.

Onora alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na mabinti wawili wadogo. Kazi yake ilikuwa kukata mwani. Msifikiri mwani wa kupanda kwenye kamba kama wenu. Ule uliota wenyewe juu ya mawe, mweusi, mzito, na watu waliutumia kama mbolea ya mashamba yao ya viazi. Kila bamvua, maji yakipwa mpaka mwisho, Onora aliingia baharini na mundu wake, akasimama maji yakiwa kiunoni, akakata, akafunga mafungu, akayavuta nchi kavu. Baridi ya maji yale mmeionja leo kwa vidole tu, na nimewaona mlivyoruka. Yeye aliisimamia kwa saa nyingi, majira yote ya mwaka, tangu alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano.

Baada ya msiba ule, mji ulilia mpaka kilio kikafika mbali. Mwenye ardhi yote ya mji huu, ambaye hakuwahi kukaa hapa, aliandikiwa barua, na serikali ikamtuma mhandisi Mwingereza aitwaye Whitcombe aje ajenge gati. Mama mkwe wangu alisisitiza sana kwamba Whitcombe hakuwa mtu mbaya. Alikuja na ramani, akapima kina cha maji kwa kamba yenye uzito wa risasi mwishoni, akachora mstari ulionyooka kama rula, kwa sababu huko alikotoka magati yalinyooka na yalisimama. Fundi wake mkuu wa mawe alikuwa mwenyeji, Fintan Rourke, ambaye ujanani alifanya kazi mjini na akajua Kiingereza. Kwa hiyo Fintan ndiye alikuwa mdomo wa mhandisi kwa watu, na mdomo wa watu kwa mhandisi.

Siku vigingi vilipopigwa kuonyesha gati litakapopita, Onora alitoka majini, nguo zikimchuruzika, mundu mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mhandisi. Alizungumza kwa muda mrefu, akionyesha kwa mkono. Alimweleza kwamba mkondo unaozunguka mwamba wa sili hauendi sawa, unakunja. Kuna mahali ambapo maji yanakuchota miguu, na hatua kumi kutoka hapo kuna mahali unaweza kusimama kama umo ndani ya beseni. Akasema ukuta ukipita pale penye mkondo utapigwa ubavuni na utakatika katikati, lakini ukikunjwa ufuate maji, maji yatateleza juu yake na kwenda zao.

Fintan alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa fundi mwenye sifa, na mwanamke anayenuka mwani alikuwa amesimama mbele ya wafanyakazi wake wote akimfundisha kujenga. Whitcombe alipomuuliza mama huyu anasema nini, Fintan akajibu kwa ufupi kwamba anaomba asiharibiwe mahali pake pa kukatia mwani. Mhandisi akatabasamu kwa upole, akaitikia kwa kichwa, akasema atatafutiwa mahali pengine. Onora hakujua Kiingereza. Aliona tabasamu, akaona kichwa kinaitikia, akaenda nyumbani akiamini amesikilizwa.

Gati la kwanza lilijengwa limenyooka. Majira ya baridi ya kwanza yalilikata katikati, palepale.

Wakalijenga la pili, nene zaidi, kwenye mstari uleule. Likasimama mpaka mwezi wa pili, na asubuhi moja likaanza kutikisika. Fintan alikimbilia juu yake kujaribu kufunga mawe ya pembeni kwa minyororo. Jiwe moja likateleza likamponda vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alipokuwa anaburutwa ufukweni, nyuma yake gati likaanguka lote kutoka katikati hadi mwisho.

Whitcombe alifungasha vyombo vyake. Aliandika kwamba ufukwe huu haukubali gati, akaondoka. Haukupita muda mrefu ikaja barua ya mwenye ardhi. Ilisema kwamba pasipo na mahali pa kutia nanga hapana haja ya wavuvi, na pasipo na wavuvi hapana haja ya nyumba. Kama ifikapo mwisho wa vuli mashua hazitakuwa na mahali pa kutua kwa salama, familia zote za ufukweni zitahama na ardhi itaachiwa kondoo. Watu wakaanza kuzungumzia meli za kuhamia Amerika. Baadhi waligawa nyavu zao kwa majirani, kama mtu anayegawa nguo za marehemu.

Fintan hakutoka tena nje. Alikaa nyumbani na mkono wake uliofungwa vitambaa. Siku moja ya bamvua, maji yakiwa yametoka mbali kabisa, Onora alisimama mlangoni pake.

"Vaa viatu vibovu," alimwambia. "Tunaingia majini."

Fintan akamjibu kwamba hana la kutafuta huko.

"Ninalo mimi. Wewe nishike mkono tu."

Sijui kwa nini alikubali. Mama mkwe wangu alisema mtu akishashindwa kabisa huwa mwepesi kuongozwa. Wakaingia, maji yakafika kiunoni, na Onora akampeleka mpaka ulipokuwa ukuta uliokatika. Mara maji yakamchota Fintan miguu yote miwili. Angekwenda nayo kama Onora hangemshika kifundo cha mkono. Akamvuta hatua kumi kushoto, akamwachia. Fintan akasimama. Maji yalikuwa yanamzunguka kimya, hata nguo yake haikuvutwa.

Kisha Onora akamwonyesha chini. Maji yalikuwa maangavu, na mawe ya gati lililoanguka yalionekana yamelala sakafuni. Hayakuwa yametawanyika. Bahari ilikuwa imeyasukuma na kuyapanga kwenye upinde mmoja mrefu, kutoka pale ukuta ulipokatika, kushoto, mpaka nyuma ya mwamba wa sili. Ulikuwa upinde uleule alioonyesha kwa mkono siku ya vigingi.

Hapo Fintan akamgeukia. Akamwambia ukweli. Akamweleza alichomwambia mhandisi siku ile, neno kwa neno.

Onora aliyatazama yale mawe chini ya maji. Alikuwa na la kufikiria: majira mawili ya baridi, mawe yote yale, vidole vya mtu huyu, barua ya kondoo. Hakumpigia kelele wala hakumsamehe. Fintan alisema uzeeni kwamba kama angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Utayasema upya," Onora akasema mwishowe. "Niliyosema mimi, na uliyosema wewe. Mbele ya watu wote."

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka ibadani, Fintan Rourke alipanda juu ya jiwe la kufungia farasi akasema yote. Hakujitetea. Alipomaliza, wengi walitazamia apigwe, kwa maana palikuwa na watu pale ambao nyumba zao zilikuwa zinaondoka kwa sababu ya sentensi moja. Mzee mmoja aliyepoteza wana wawili katika ule msiba wa mashua alisogea mpaka mbele yake. Alimtazama, akautazama mkono wenye vidole vitatu. Kisha akamgeukia Onora.

"Bamvua ijayo ni lini?" akauliza.

"Baada ya siku tisa."

"Basi tuna siku tisa za kusuka vikapu."

Lakini Onora hakutaka waamini kwa maneno. Bamvua ilipofika, aliwakusanya wote ufukweni, akafunga mafungu arobaini ya mwani, kila fungu na kitambaa chekundu cha sufu, akayatupa majini kutoka kwenye kisiki cha gati wakati maji yanaanza kujaa. Watu walisimama wakitazama vitambaa vyekundu vinavyoelea. Vikaenda vimenyooka, vikafika mahali pa balaa, vikazunguka kwa nguvu, halafu kimoja baada ya kingine vikakunja kushoto, vikateleza pamoja hadi nyuma ya mwamba, vikatulia. Fintan alikwenda na mashua akipigilia mti mmoja kama kigingi kila fungu lilipopita. Jioni haijafika, mji mzima ulikuwa unaona gati lao kwa macho, mstari wa miti uliopinda.

Walijenga kiangazi chote. Hapakuwa na mhandisi wala farasi wa serikali. Mawe yalikuwa tayari yako chini, yamekatwa na kulipiwa na wengine, na kazi ilikuwa kuyainua. Hapo Fintan alirudisha akili yake ya ufundi. Maji yakipwa, walifunga jiwe kubwa kwa mapipa matupu. Maji yakijaa, mapipa yaliinuka na jiwe likainuka nayo, na mashua mbili zikalikokota hadi mahali pake kama ng'ombe anavyoongozwa zizini. Mawe madogo yalibebwa na wanawake kwa vikapu vya mgongoni. Wanaume walitakiwa kuvua ili watu wapate chakula, kwa hiyo sehemu kubwa ya gati hili, huu ukuta mlioegemea, ilibebwa na migongo ya wanawake. Onora alisimama majini mbele yao kila siku. Fintan alimuuliza kabla ya kila jiwe, naye alinyoosha mkono, huku au huku, na jiwe likakaa. Mama mkwe wangu alisema katika miezi mitano wale wawili hawakuzungumza lolote zaidi ya mawe.

Jiwe la mwisho lilikaa mwishoni mwa mwezi wa tisa. Wiki tatu baadaye msimamizi wa mwenye ardhi alifika na karatasi za kuwahamisha watu, na Whitcombe alikuwa pamoja naye, kuthibitisha kwa maandishi kwamba hapa hapafai. Na asubuhi hiyohiyo, mashua tisa zikiwa mbali kwenye heringi, upepo wa mashariki uliamka.

Mji wote ulitoka. Bahari ilikuwa nyeupe mpaka upeo wa macho. Wanawake hawakukaa ufukweni kama siku ya msiba. Walitembea juu ya gati, wamefunga shali vifuani, wakaenda mpaka kwenye kiwiko, wakasimama na kamba mikononi, Onora akiwa mbele kabisa. Msimamizi alipiga kelele kuwaita warudi. Whitcombe hakupiga kelele. Alikuwa anatazama wimbi. Lilikuja kutoka nyuma ya mwamba, refu kuliko nyumba, likafika ubavuni mwa gati palepale lilipozoea kuua. Likaegemea mawe, likakunja nayo, likateleza urefu wote wa upinde likinguruma, likaishia baharini. Gati halikutikisika.

Mashua ya kwanza ikatokea. Ilipanda, ikashuka, ikapotea, ikaonekana tena. Ikazunguka ncha ya gati, na ghafla ilikuwa kwenye maji tulivu, imesimama, kana kwamba imeingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Kamba ikarushwa, mikono ikaidaka. Ya pili ikaingia. Ya tatu na ya nne zikaingia zimefuatana. Wanawake walikuwa wanahesabu kwa sauti, wote pamoja, na sauti zao zilisikika ufukweni kupita upepo. Tano. Sita. Saba. Ya nane ilikuja imevunjika mlingoti, inapiga makasia, wakaivuta kwa kamba nne. Halafu pakawa na kungoja, na hesabu ikanyamaza, na yule mzee aliyepoteza wana wawili akaanza kutembea kwenda mwisho wa gati, peke yake.

Ya tisa ilitokea imejaa maji nusu, wavuvi wanayachota kwa ndoo na kwa kofia zao. Ikazunguka ncha. Mzee ndiye aliyeidaka kamba yake.

Nasikia wanawake wale walicheka na kulia kwa wakati mmoja, wakacheza juu ya mawe yaliyolowa, shali zikipepea kama bendera. Wanaume thelathini na sita walishuka kwenye mashua na kutembea hadi nyumbani kwa miguu yao. Hakukosekana mmoja. Hata samaki walikuwemo.

Msimamizi alirudisha karatasi zake kwenye mkoba bila kuzifungua. Kondoo hawakuja, na kama mnavyoona, bado hawajaja. Whitcombe alitembea urefu wote wa gati taratibu, akapiga magoti kwenye kiwiko, akaweka kiganja juu ya jiwe. Kisha akamwita Fintan, akamwomba amuulize yule mama ni nani aliyechora gati hili.

Onora alijibu kwamba hakuna aliyelichora. Alisimama majini zaidi ya miaka kumi na minne, akajua maji yanakwenda wapi, na alishamwambia bwana huyu hivyo siku ya vigingi.

Fintan alitafsiri kila neno. Hakupunguza. Akaongeza la kwake, kwamba siku ya vigingi maneno hayo yalifika kwake na yeye ndiye aliyeyazuia. Mhandisi akavua kofia katikati ya upepo ule. Akatoa ramani yake, akafuta mstari ulionyooka, akachora upinde, na pembeni akaandika jina ambalo ramani zote za bandari hii zinalo mpaka leo: Kiwiko cha Onora.

Jioni ile Onora alimtumia Fintan sahani ya heringi waliokaangwa. Walikaa majirani hadi uzee wao, na binti mdogo wa Onora aliolewa na mtoto wa kaka yake Fintan. Mama mkwe wangu ni wa ukoo huo, na watoto wangu pia.

Kuanzia asubuhi ile ndipo Carrigronan ilipoanza kuitwa bandari. Mashua za miji mingine zilikuja kujihifadhi, soko la samaki likafuata, mnara wa taa ukafuata, na baadaye reli ikaleta watu wa mjini waje kuogelea. Sili nao waliona yale maji tulivu, wakauhama upande wao wa zamani wa mwamba, na ndiyo sababu siku hizi mnawaona wamelala hatua chache kutoka kwa watalii bila kuogopa. Zile nyumba za bafu mlizoingia jana, ambako mtu analala kwenye maji ya moto yaliyojaa mwani mpaka mifupa inalegea, zilianzishwa na mabinti wawili wa Onora. Hakuna mtu aliyezama akiingia bandari hii tangu kiwiko kilipokamilika, na dhoruba tumeziona.

Na ndiyo asili ya desturi ambayo mtaiona kesho, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane. Kabla mashua yoyote haijatoka, wanawake wa mji hutangulia juu ya gati, kila mmoja na kikapu cha mwani mgongoni, wazee kwa watoto, wenyeji na waliohamia. Wanaume husubiri ufukweni. Wanawake wakifika kwenye kiwiko husimama, na mashua zote bandarini hupiga honi kwa pamoja, mpaka sili wanaruka majini na vioo vya madirisha vinatetemeka. Mwaka wa kwanza nilipobebeshwa kikapu mimi, msichana wa Tanga ambaye hakujua hata kusema jina la mji huu sawasawa, nilisimama hapa honi zikilia, na nililia kwa furaha bila kuona aibu.

Vikapu vyenu saba viko tayari nyumbani kwangu. Tunaanza saa mbili asubuhi, na ninyi wa Pemba mtatembea mbele.